Nilivyoziunguza trei za mayai ya Mama Neema kwa pakiti zilizokataa kunyamaza

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Poleni na kazi, na wasio na kazi poleni zaidi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, hata pale kinaponiaibisha. Na kinaniaibisha kweli. Nimekaa nacho wiki kadhaa nikaona bora nikitue hapa, labda kuna mtu kitamsaidia.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni kijana wa Bukoto, natengeneza simu kwenye kibanda. Shule nimeishia kidato cha nne. Kiswahili nimekipata kambini kwa polisi, mzee wangu alikuwa konstebo, kwa hiyo nikichanganya r na l msinicheke, huku kwetu ulimi ndivyo ulivyo.

Programming nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndoto yangu, na naomba msicheke hapa pia, ni kuandika protocol, yaani kanuni za mashine kuongea zenyewe kwa zenyewe, itakayotumika dunia nzima. Niliichorea hadi nembo kabla sijaandika mstari hata mmoja wa code.

Basi.

Kuna mama mmoja wa Kamwokya, tumwite Mama Neema. Mkongomani, alikuja na vita vya kule Kivu, sasa anatotolesha vifaranga chumbani kwake. Ana mashine tatu za kutotolesha. Mbili za mbao na ya kati ni ya bati, mpya.

Zote tatu zilitengenezwa Katwe na fundi mmoja Mnubi, Mzee Rajab. Huyu mzee mikono yake ni kama koleo, anashika bati la moto kama mtu anayeshika chapati.

Mayai yenyewe si ya Mama Neema. Ni ya akina mama wenzake wa kanisani. Kila mmoja alileta aliyonayo, sita, kumi, kumi na tano, akaandika jina lake kwa penseli juu ya kila yai. Wengi wao kuku ndiyo kitu pekee walichoanza nacho huku.

Alikuwa anatotolesha kwa mara ya kwanza kwa niaba yao. Yakiharibika, hakuna atakayemwamini tena. Alishaniambia hivyo mwenyewe, bila mzaha.

Mimi niliingiaje? Nilimshawishi. Nikamwambia, "Mama, nitakuwekea bodi ndogo ndani ya kila mashine, joto utaliona kwenye simu yako hata ukiwa sokoni." Bodi inapima joto, inawasha na kuzima hita, na inaongea kwa wifi na laptop yangu ya zamani iliyo juu ya kabati lake.

Akasema, "Aksanti mwana wangu, Mungu akuongeze akili." Hapo nikawa nimeshavimba kichwa.

Sasa wale wa mambo ya network mtaniuliza, kwa nini hukutumia TCP, ile njia ya kawaida, kama watu wote?

Wakuu, umeme wa huku unakatika na kurudi. Kila ukirudi, connection zilikuwa zinaning'inia, bodi haijui kama laptop ipo, laptop haijui kama bodi ipo. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka tu kuandika yangu. Nikaandika protocol yangu juu ya UDP, njia inayorusha tu pakiti za habari bila kuhakikisha kama zimefika.

Kwa wasiojua: mashine A ikituma pakiti, inaipa namba. Mashine B ikiipata inajibu, "namba fulani nimepata." Hiyo tunaiita ack. A isipopata ack ndani ya muda fulani, inatuma tena. Mimi niliweka milisekunde mia mbili. Rahisi.

Mezani kwangu ilifanya kazi vizuri mno. Nilikaa naitazama kama mtu anayetazama mtoto wake anatembea.

Siku ya kumi na mbili ya mayai, saa nne asubuhi, nikiwa nabadilisha tundu la chaja la simu ya mteja, Mama Neema akapiga.

"Mwana, kuya mbio! Mashini ya katikati iko nawaka moto!"

Nikamwachia mteja simu yake bila kifuniko nikapanda boda.

Nilipofika mlango wa mashine ya bati ulikuwa wazi, mama anapepea kwa sinia, jasho linamtoka. Kipimajoto cha kawaida kilichokuwa ndani kilisoma arobaini na nukta kitu. Inatakiwa thelathini na saba na nusu. Hita inawaka tu, haizimi.

Nikachomoa umeme. Tukapepea wote wawili. Ikapoa. Nikachomeka tena, ikafanya kazi kama hakuna kilichotokea.

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Banamama nitabaambia nini?"

Mimi nikasema, na nikikumbuka natamani kujizaba kofi, "Mama, hii ni hita. Mbili za mbao ziko salama, ni hii mpya tu. Tumwite Mzee Rajab."

Sikusema uongo. Niliamini. Lakini angalieni jinsi nilivyoamini haraka.

Mzee Rajab akaja mchana huo na mfuko wake wa spana. Hakubisha. Alisikiliza, akaifungua hita, akaipima, akanusa waya.

"Hita iko mzima," akasema polepole.

"Lakini haikuzima, mzee," nikamwambia.

Akanitazama. "Kijana, mimi nachoma chuma tangu baba yako hajaoa. Lakini kama moto ulizidi ndani ya box yangu, moto ni yangu." Akaweka hita mpya. Kisha akamgeukia Mama Neema akamwomba msamaha, amevua kofia yake ya kufumwa ameishika mkononi.

Nilimwona. Niliona ile kofia mkononi. Lakini bado sikuwaza lolote.

Siku ya kumi na nne, mashine ikaunguza tena.

Safari hii mama aliwahi, joto lilikuwa limeanza tu kupanda. Akaniita kwanza kabla ya kuchomoa, kwa sababu nilimwomba hivyo. Nilipofika nikaona kitu ambacho mara ya kwanza sikukitazama: taa ya ruta, kile kisanduku cha wifi. Ilikuwa inapepesa kwa kasi hadi unaona kama haipepesi, imeganda tu.

Nikamwambia mama azime hita kwa swichi ya pembeni, lakini bodi aiache iwake. Nikakaa na laptop.

Nikafungua programu ya kuchungulia pakiti.

Wakuu, pakiti zilikuwa zinashuka kwenye skrini kama maharage yanayomwagwa kutoka kwenye gunia. Mashine tatu za mayai zinatakiwa zitume pakiti chache kwa dakika. Hizi zilikuwa maelfu.

Wazo la kwanza: tunahujumiwa. Tuna hacker.

Nje barazani kulikuwa na vijana wa kwaya wanafanya mazoezi, na Mama Neema kwa moyo wake mwema alikuwa amewapa password ya wifi. Nikatoka kama askari.

"Nani anadownload?"

Bass wao, jamaa mmoja mnene mwenye sauti kama trekta, akasema, "Sisi tunatafuta tu key ya wimbo, ssebo. Key nayo ni kosa?"

"Zimeni simu zote."

"Banange! Hata ya kumwambia mke wangu nachelewa?"

"Mwambie kwa kuimba," mwenzake akamjibu, wote wakacheka, mimi sikucheka. Nikabadilisha password, nikawatoa wote kwenye mtandao.

Nikarudi kwenye laptop nikiwa nimejiamini.

Pakiti bado zinamwagika. Kasi ile ile.

Nikaangalia anwani. Zilikuwa mbili tu, muda wote mbili. Laptop yangu, na bodi yangu ndani ya mashine ya kati. Hakuna mgeni. Hakuna kwaya.

Ilikuwa ni mimi na mimi.

Nikasimamisha ile bodi na kuiwasha upya. Mafuriko yakakata palepale. Na hapo nikaelewa jambo lililoniuma: siku ile ya kwanza, nilichomoa umeme kabla Mzee Rajab hajafika. Kilichoponya mashine ni kule kuchomoa. Hita mpya haikuhusika.

Lakini sababu yenyewe nilikuwa bado sina.

Nikarudi kibandani nikajaribu kuyaleta yale mafuriko mezani. Hayakuja. Nikatuma pakiti mia, mia mbili, hakuna. Protocol yangu mezani ilikuwa malaika.

Nikajiuliza, mezani kuna nini ambacho kwa mama hakipo? Jibu: mezani bodi na ruta viko umbali wa mkono. Kwa mama bodi iko ndani ya sanduku la bati, na wifi na bati haviivani. Ongeza kwaya nzima inayotafuta key ya wimbo. Pakiti zinafika, lakini zinachelewa.

Nikachukua sufuria yangu ya posho, ugali wetu wa huku, nikaweka bodi ndani, nikafunika na mfuniko.

Dakika kama sita hivi. Halafu taa ya ruta ikaganda.

Nilipiga kelele hadi dada wa kibanda jirani, anayeuza rolex, chapati za kukunjia mayai, akauliza kama nimeungua. Nikamwambia, "Hapana dada, nimeumwa, lakini sasa najua panapouma!" Akatikisa kichwa akageuza chapati yake.

Nikaifuata pakiti moja, moja tu, kuanzia mwanzo. Twendeni polepole.

Bodi ilituma joto. Ack ikachelewa njiani, ikapita zile milisekunde mia mbili. Bodi ikadhani imepotea, ikatuma tena. Laptop ikapata zote mbili, ikajibu zote mbili. Ack ya kwanza ikafika, bodi ikafuta ile namba kwenye orodha yake, kazi imeisha.

Kisha ikafika ack ya pili. Ya namba ambayo bodi haiikumbuki tena.

Mtu mwenye akili angeandika: itupe. Mimi niliandika kitu kingine. Niliandika kwamba ukipata jibu usilolielewa, rudisha pakiti ya kusema "nimekusikia", ili mwenzako asikae anasubiri.

Na laptop nayo ikipata "nimekusikia" ambayo haikuitegemea, inafanya nini? Ina code ile ile. Inarudisha "nimekusikia."

Na bodi inarudisha. Na laptop inarudisha. Bila mwisho.

Kila pakiti iliyochelewa ilizaa mazungumzo mengine kama hayo. Mazungumzo yakaziba njia, pakiti nyingine zikachelewa, zikazaa mengine. Kwaya ilikuwa imewasha kiberiti tu. Hata wakiondoka, nyumba inaendelea kuungua.

Niliutazama ule mstari wa code muda mrefu. Kisha nikacheka peke yangu, kicheko cha huzuni, kwa sababu nilijua umetoka wapi.

Ngoja niwaeleze wa nje ya Uganda. Mama yangu ni Muganda. Kwa Waganda salamu haiishii kwenye "nzuri." Mtu anasema gyebale, yaani pole na kazi. Unajibu, unamrudishia na yeye. Anaitikia "mmm." Unaitikia "mmm." Anaitikia tena, unaitikia tena, sauti zinashuka taratibu, huku mmepiga magoti au mmeinama. Mtoto anayeacha "mmm" ya mkubwa ikining'inia bila kujibiwa, anaambiwa hana adabu. Mimi nilifinywa sikio kwa hilo.

Kwa hiyo nilipoandika protocol, sikuwaza kabisa. Ilionekana kukosa heshima kuacha pakiti bila kuijibu.

Lakini watu tunajua kumaliza. Sauti inashuka, mmoja anavuta mkeka, mwingine anauliza habari ya mvua, salamu imeisha bila mtu kutangaza. Mashine hazishushi sauti. Ukiziambia zijibu, zitajibu hadi mayai yaive.

Na kuhusu hita. Code yangu ilisema: soma pakiti zote, zikiisha ndipo uangalie joto. Pakiti hazikuisha. Bodi haikupata hata sekunde ya kuangalia joto. Hita iliyokuwa imewashwa ikabaki imewashwa.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuandika uzi huu. Jibu halijibiwi, nukta. Ack isiyojulikana inatupwa. Kungoja kunaongezeka mara mbili kila unaporudia kutuma, badala ya kugonga mlango kwa kasi ile ile. Na joto linaangaliwa kwanza, kila mzunguko, hata kama dunia nzima inapiga simu.

Nikairudisha bodi kwenye sufuria nikafunika. Nikasubiri saa nzima. Taa ya ruta inapepesa kwa utulivu kama mtu anayesinzia kanisani.

Sasa, wakuu, sehemu ngumu inaanzia hapa.

Hakuna mtu Kamwokya ambaye angejua. Hakuna anayesoma code yangu. Ningesema "nimeweka update," mashine ingekaa sawa, na kila mtu angeendelea kuamini ilikuwa hita ya Mzee Rajab. Yeye mwenyewe alishakubali.

Nilikaa na wazo hilo kuanzia kibandani hadi Katwe. Nilikwenda Katwe kwa sababu nilitaka, sijui, kumwona tu.

Nikamkuta amezifungua hita sita mezani. Alikuwa amewaita wateja wake wengine warudishe mashine azikague.

"Injinia," akaniita, "hizi zote ziko sawa. Nimepima mara mbili. Sijui nakosa wapi. Macho yangu pengine yamezeeka."

Nikashindwa. Nikasema, "Mzee, hukosi. Ni mimi." Nikamweleza. Nilivyomaliza kueleza nilikuwa nalia, na mafundi wa pembeni wamezima mashine zao za kukata bati ili wasikie vizuri.

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Kumbe hata ya kompyuta inashika kutu," akasema.

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza, "Mimi niliomba msamaha mbele ya yule mama. Wewe pia utaenda mbele yake. Leo. Mimi nakuja na wewe, nataka kusikia na sikio yangu."

Tukaenda.

Mama Neema alinisikiliza ameshika mikono kifuani. Sikujua kama alielewa habari za ack. Alielewa hii: "Mama, hita ilikuwa nzima. Mzee hakukosea. Mayai yako niliyaunguza mimi."

Kisha akamwambia Mzee Rajab, "Baba, unisamehe, nilikusema vibaya kwa jirani." Mimi akaniambia, "Weye, leta tochi."

Tukaanza kuyamulika mayai. Unaweka yai juu ya tochi ya simu gizani, unaona ndani. Likiwa hai unaona mishipa kama mizizi, na kivuli kidogo kinachojitikisa. Likiwa limekufa unaona duara jekundu, au uji tu.

Mama anasoma jina, mimi namulika, Mzee Rajab ameshika trei. "Furaha. Hai. Furaha. Hai. Mama Gisèle." Nikamulika. Duara jekundu. "Mama Gisèle." Duara jekundu.

Mama Gisèle alikuwa ameleta sita. Yote yalikuwa trei ya juu, karibu na hita. Yote sita.

Trei za chini zilipona nyingi. Siku ya ishirini na moja, mashine ya kati ilipiga kelele za vifaranga kama shule wakati wa mapumziko. Zaidi ya nusu walitoka. Wa mashine za mbao walitoka karibu wote. Akina mama walikuja na maboksi yao, na Mama Neema alinisimamisha mbele yao nikasema tena yale yale, kwa Kiswahili changu cha kambini.

Mama Gisèle hakuja. Alikuwa anajua tayari.

Nikaenda kwake mwenyewe kesho yake. Ni mwanamke mwembamba, anashona magauni mlangoni. Nikamwambia kila kitu, tangu mwanzo. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani hadi nilipomaliza.

"Yule jogoo wangu alikufa mwezi jana," akasema. "Yale mayai sita ndiyo yalikuwa mbegu yake ya mwisho."

Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba sipaswi kujibu. Nikakaa tu, yeye akashona, na baada ya muda akanisogezea kigoda kwa mguu.

Ndiyo hivyo wakuu. Hakunisamehe kwa maneno, na sikuomba. Ila Jumatano cherehani yake ilikwama, akatuma mtu aniite mimi.

Nilichojifunza, kama kuna mdogo wangu anayeandika code huko: ijaribu kwenye sufuria, si mezani. Mtandao wa mezani unakusifu tu. Ukiandika kitu kinachojibu, amua mapema kitanyamaza lini. Kitu kinacholinda uhai kisisubiri foleni nyuma ya mazungumzo. Na kitu kikiharibika, anza kukagua cha kwako kabla hujamwita mzee wa watu kutoka Katwe avue kofia.

Ndoto ya protocol ya dunia nzima bado ninayo, sijaiacha. Kwa sasa inatumika chumba kimoja Kamwokya, na chumba hicho kina vifaranga.

Nina swali kwenu wataalamu: muda wa kungoja kabla ya kurudia kutuma, ninyi mnaupimaje pale ambapo wifi inabadilika kila saa? Mimi naongeza mara mbili tu, nahisi kuna njia bora. Na wale mliowahi kuharibu kitu cha mtu ambacho hakirudi, mlifanyaje baadaye? Andikeni hapa chini, nasoma zote. Matusi pia nasoma, ila hayo sitayajibu, nimeshajifunza.